Amina Niliyoisema Upesi

Soma Kutoka 20:16 na Danieli 1:8–16. Je, mtu anaweza kumshuhudia jirani yake uongo kwa kusifu chakula chema?

Jumapili moja, katika semina ya afya kanisani kwetu, nilimpa nafasi muuzaji wa unga wa soya. Alisema unga wake una peptidi zinazoshusha shinikizo la damu. Nikaitikia "Amina" pamoja na wengine. Dada mmoja mjane alinunua makopo mawili, akaacha vidonge vyake. Baada ya miezi mitatu alipata kiharusi. Mkono wake wa kulia haushiki tena kijiko.

Muuzaji yule hakutunga yote. Protini ya soya, mbaazi au kunde ni mnyororo mrefu wa asidi amino. Vimeng'enya vya tumboni vikiukata, hupatikana vipande vifupi viitwavyo peptidi. Baadhi yake, maabarani, huzuia kimeng'enya kinachosaidia kutengeneza kemikali inayobana mishipa ya damu. Dawa ya captopril, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1981, huzuia kimeng'enya hichohicho. Ilitokana na uchunguzi wa peptidi zilizomo katika sumu ya nyoka wa Brazili. Naam, Muumbaji ameweka hazina katika mbegu.

Lakini kutoka maabarani hadi kwenye mshipa wa mtu ni safari ndefu. Peptidi nyingi hukatwakatwa tena tumboni kabla ya kufika kwenye damu. Kidonge kimepimwa kwa miligramu. Kopo lile halikusema lina peptidi ipi wala kiasi gani. Hata wataalamu hujisahihisha. Mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliruhusu vyakula viandikwe kwamba gramu 25 za protini ya soya kwa siku zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Mwaka 2017 ikapendekeza kuifuta ruhusa hiyo, kwa kuwa matokeo ya tafiti hayakulingana.

Sisi tunaoupenda ujumbe wa afya tumo katika hatari ya pekee: neno linalokubaliana na imani yetu hatulipimi. Danieli hakudai kwamba chakula chake kinaponya kila kitu. Aliomba siku kumi, akamwachia msimamizi aangalie na kuamua. Tena yeye na wenzake walijaribiwa kwa miili yao wenyewe. Mimi niliruhusu jaribio lifanyike kwa mwili wa mjane.

Huenda mtu akasema kwamba tahadhari nyingi zitawavunja watu moyo wasile vizuri. Lakini maharage hayahitaji kutiwa chumvi ya uongo ili yawe mema. Yana protini, yana nyuzinyuzi, na mjane anaimudu bei yake. Yale sahani moja na ugali na mboga. Vidonge vibaki mahali pake mpaka daktari aseme vinginevyo.

Nilimwendea dada yule nikaungama. Alinisamehe, kisha akaniomba nimsindikize kliniki Jumatatu. Tangu siku hiyo tunakwenda pamoja kila mwezi.

Tafakari: Ni ushuhuda gani wa afya umewahi kuupitisha kwa wengine bila kuuchunguza? Ni nani anayeweza kuumia kwa sababu alikuamini, nawe utamwambia nini juma hili?