Picha ya Mbwa Asiye na Kazi

Ewe msomaji, nakuomba uitazame pamoja nami picha moja, ya namna inayopatikana sasa katika nyumba nyingi za Uingereza, Uhispania na Marekani. Ndani yake yumo mbwa mwembamba, mwenye kifua kirefu, kiuno cha nyigu, na pua iliyochongoka. Amelala chali juu ya kochi. Miguu yake yote minne iko hewani, mdomo u wazi kidogo, na meno yaonekana. Hafanyi lolote. Pengine utacheka, na kucheka si kosa, maana mbwa akilala hivyo hana haiba hata kidogo. Lakini ukilichungulia sikio lake kwa ndani, huenda ukaona alama ndogo zilizochorwa kwa sindano na wino. Alama hizo hazikutiwa na mwenye kochi. Zilitiwa zamani, mbwa alipokuwa mali ya mchezo, ili asije akachanganywa na mwenziwe siku ya mashindano.

Mbwa huyu ni wa jamii inayowinda kwa macho, si kwa pua. Waingereza na watu wa Ireland wana greihaundi, Wahispania wana galgo, na Waarabu wana saluki, ambaye watu wa jangwani walimthamini hata wakamtenga na mbwa wengine na kumruhusu kuingia hemani. Wote wana umbo moja, na umbo hilo limefanywa kwa ajili ya mbio. Greihaundi aweza kupita kilomita 60 kwa saa. Akikimbia kwa nguvu zake zote, mwili wake huiacha ardhi mara mbili katika kila mruko mmoja: mara miguu inapokunjwa chini ya tumbo, na mara inaponyoshwa mbele na nyuma. Jicho la mtu haliwezi kuyafuata mambo hayo. Kamera ndiyo iliyoyafichua. Mwaka 1887 Eadweard Muybridge alitoa mkusanyo mkubwa wa picha za wanyama na watu wakienda, na mbwa wakimbiao wamo ndani yake. Basi kwanza kamera ilitufundisha jinsi mbwa anavyokimbia. Leo nataka tufikiri juu ya picha zinazoonyesha jinsi anavyopumzika, kwa kuwa swali lililo ndani yake ni zito kuliko linavyoonekana.

Kwa karne nyingi mbwa hawa waliwinda sungura kondeni. Mwaka 1919, huko Emeryville katika jimbo la California, Owen Patrick Smith alifungua uwanja ambamo mbwa walimfukuza sungura wa bandia aliyevutwa na mtambo. Tarehe 24 Julai 1926 mchezo huo ulianza Manchester, katika uwanja wa Belle Vue, na watu wakamiminika kutazama na kuweka dau. Hamu ya kutafuta jambo jipya ilizidi hata mwaka 1937 wakaletwa duma kutoka Kenya yetu, wakakimbizwa katika uwanja wa Romford karibu na London. Duma hawakudumu, mnyama yule hajali kushinda wala kushindwa. Greihaundi naye hajui dau ni nini, ila akiona kitu kinakimbia mbele yake hawezi kujizuia, na udhaifu huo ndio uliomtajirisha mwanadamu.

Sasa hebu tupige hesabu. Greihaundi huanza mashindano akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi, na kwa kawaida huyaacha kabla hajatimiza miaka mitano. Akitunzwa, aweza kuishi hata miaka kumi na miwili. Kwa hiyo siku kazi yake inapokwisha, sehemu kubwa ya maisha yake bado iko mbele. Tena wako wasiofika hata huko: aliyevunjika mguu, na yule ambaye tangu mwanzo hakuwa na mbio. Kwa miaka mingi wengi wa hao waliuawa tu, kwa kuwa kuwalisha kulikuwa gharama isiyoleta faida. Huko Uhispania msimu wa kuwinda sungura ukiisha, galgo wengi hutupwa barabarani, na wengine wameonekana visimani au wametundikwa mitini. Sheria ya kulinda wanyama iliyopitishwa huko mwaka 2023 iliwaacha nje mbwa wa kuwinda. Sisi husema fadhila za punda ni mateke. Hapa mambo yamegeuka: mnyama ndiye aliyetenda fadhila, na mateke yakatoka kwa mtu.

Je, kazi ikiisha, wajibu nao huisha? Swali hili ni la zamani sana. Plutarch, Mgiriki aliyeandika habari za watu mashuhuri yapata miaka 1,900 iliyopita, alimlaumu Cato wa Roma kwa desturi yake ya kuwauza watumwa wake walipozeeka ili asiwalishe bure. Yeye alisema hangemuuza hata ng'ombe aliyezeekea katika kumlimia. Alikumbusha habari za nyumbu waliobeba mawe ya hekalu la Athene, kwamba walioonekana kuwa wamefanya kazi sana waliachwa huru wakale majani watakapo. Na habari za mbwa wa Xanthippus, ambaye watu walipouhama mji kwa merikebu aliogelea ubavuni mwa chombo cha bwana wake mpaka Salamis, akafa alipofika, akazikwa kwa heshima.

Immanuel Kant, mwanafalsafa Mjerumani wa karne ya kumi na nane, alilitazama jambo hilo kwa njia nyingine. Kwa maoni yake, mtu anayempiga risasi mbwa wake mzee kwa sababu hana faida tena hamkosei mbwa, kwa kuwa mbwa hana akili ya kuhukumu. Anajikosea nafsi yake, maana anauzima ndani yake ule utu anaopaswa kuwaonyesha watu wenzake. Rai hii ina ukweli. Aliyezoea kumtupa mnyama hachelewi kumtupa mtumishi. Hata hivyo mimi naiona pungufu. Tuseme mtu amemtupa galgo kisimani, kisha akarudi nyumbani akaendelea kuwa mpole kwa mkewe, wanawe na jirani zake maisha yake yote. Je, tutasema hapakuwa na kosa, kwa kuwa utu wake haukupungua? Yule aliyebaki kisimani alikuwa na njaa, kiu na hofu. Naona kosa lilimwangukia yeye kabla ya kumwangukia mtu yeyote mwingine. Watoto wa vyuoni pwani nzima wanakijua kisa cha mtu aliyeshuka kisimani akateka maji kwa kiatu chake ili amnyweshe mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Na kisa hicho chahadithiwa miongoni mwa watu wasiomruhusu mbwa kupita kizingiti.

Najua utakaloniuliza, na una haki kuliuliza. Watoto wa binadamu hulala na njaa. Itakuwaje mbwa alale juu ya kochi na kuvikwa koti wakati wa baridi? Sitalidharau neno hilo. Lau tungekuwa tunagawa sadaka, ningesema mtoto atangulie, na mbwa asubiri. Lakini mbwa wa mashindano haombi sadaka. Mtu ndiye aliyemchagulia wazazi wake, akamzalisha, akamtia alama sikioni, akamfungia bandani na kumtoa kwa ajili ya mbio, kisha akachuma fedha kwa miguu yake. Hilo ni deni. Mfanyakazi aliyenyimwa ujira wake hatumwambii kwamba wako watu maskini kuliko yeye. Dawa ya deni ni kulipa, na mwenye kudaiwa ni yule aliyefaidi. Wala usidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Ikiwa kwenu yuko mbwa alindaye mlango usiku, jiulize atalala wapi atakapokuwa kiziwi na asiweze tena kubweka.

Katika miaka ya karibuni deni hili limeanza kukumbukwa mahali pengi. Mwaka 2018 wapiga kura wa jimbo la Florida waliamua mashindano hayo yakomeshwe huko kufikia mwisho wa mwaka 2020. Mwaka huohuo wa 2018 uwanja wa Macau ulifungwa, na mbwa zaidi ya 500 wakabaki bila kazi wala mwenyewe, mpaka walipotafutiwa nyumba katika nchi mbalimbali. Hapo ndipo mpiga picha anapoingia, kwa sababu mbwa asiyeonekana hapati nyumba. Ndipo pia inapoanza hatari mpya, ambayo ni ya wema na si ya ukatili.

Picha yaweza kudanganya bila kuongeza neno la uwongo. Greihaundi mwenye afya njema huonekana mbavu zake mbili tatu za nyuma, na mifupa ya nyonga pia. Asiyewajua mbwa hao akiona picha kama hiyo atalia kwa huruma, adhani mbwa amenyimwa chakula, na mpiga picha asiye mwaminifu aweza kumwacha alie. Kuna na picha ya mwokozi mwenyewe: mtu amesimama mbele, anatabasamu, na mbwa amebanwa kwapani. Ukiuondoa uso wa mtu yule, picha haibaki na maana yoyote. Na kuna picha za mbwa aliyevalishwa kofia na miwani ili watazamaji wacheke. Sisemi kwamba mbwa anaona haya. Hajui kofia ni nini. Lakini yeye aliwahi kuwa chombo cha burudani ya watu, na sasa amefanywa hivyo tena. Tofauti ni kwamba safari hii hakimbii. Picha za namna hii zaomba sadaka, tena wakati mwingine zaiomba kwa ajili ya sifa ya mwombaji.

Ndiyo maana naipenda zaidi ile picha ya kochi. Ili uelewe thamani yake, yafaa ujue jinsi mbwa huyo anavyoingia nyumbani mara ya kwanza. Amekulia bandani. Hajapata kuona ngazi, na mbele ya ngazi husimama akitetemeka. Huenda akajigonga kwenye mlango wa kioo kwa kuwa hajui kioo ni kitu gani. Siku za kwanza pengine husimama pembeni kwa saa nyingi, asijue kama ameruhusiwa kulala. Mnyama mwenye hofu hawezi kulionyesha tumbo lake, ambalo ndilo mahali pake pa kuumizwa. Basi kulala chali kunaweza kuchukua majuma au miezi. Mpiga picha hawezi kumwamuru. Hana budi kungoja, tena apige magoti sakafuni ili jicho la kamera liwe sawa na jicho la mbwa, wala asimurikie mwanga mkali wa ghafula utakaomshtua. Ikiwa mbwa ni mweusi kazi huongezeka, kwa sababu picha ya haraka humfanya kuwa doa jeusi lisilo na macho, na watu hulipita doa bila kulitazama. Mpiga picha mwema humlaza karibu na dirisha, akasubiri mpaka mwanga uyaguse macho yake. Katika kusubiri huko mna heshima ambayo siioni katika kofia wala katika machozi.

Na picha yenyewe yasema nini? Yamwonyesha kiumbe asiye na faida yoyote. Haleti sungura, haleti fedha. Hata mlinzi mzuri si yeye. Greihaundi wengi hawabweki sana, na mwizi akija yaelekea ataletewa mkia unaotikiswa. Anakula, analala, anatembezwa kidogo, analala tena. Mtu aliyezoea kuuliza kila kitu kina faida gani atasumbuka mbele ya picha hiyo, na nadhani ni vizuri asumbuke. Wazee wetu wasiolima tena, jamaa zetu walioumia kazini, hata sisi wenyewe tungali watoto wachanga, tulipata au twapata mahali pa kulala bila kuulizwa swali hilo. Sisemi mbwa ni sawa na mzee. Nasema kwamba swali la faida, likiachwa litawale peke yake, halijui pa kusimama.

Katika mji wa Tring, Uingereza, ndani ya jumba la makumbusho, yumo greihaundi aitwaye Mick the Miller. Alishinda mashindano makuu ya Derby mwaka 1929 na 1930, akapendwa na taifa zima, na alipokufa mwaka 1939 mwili wake ukahifadhiwa. Amesimama ndani ya kioo kwa miaka mingi sasa, miguu imenyooka, tayari kwa mbio. Alipata bahati hiyo kwa sababu alishinda. Yule wa kochini pengine hakushinda hata mara moja, na jina alilokimbia nalo limekwisha kusahauliwa. Mwenye nyumba amempiga picha kwa simu yake, ameinuka kutoka sakafuni polepole asimwamshe, na amekwenda jikoni kumtayarishia chakula cha jioni.