Kustaafu: Tunamwomba Nani Ruhusa?

Mwaka juzi tulitimiza umri wa miaka 45. Hapa kwetu Uganda umri huo una maana yake kwa mtumishi wa serikali. Sheria ya pensheni humruhusu yeyote aliyeufikia, akiwa amekwisha kutumika miaka 10 mfululizo, aombe kustaafu, ijapokuwa umri wa lazima ni miaka 60. Tangu siku hiyo hatukosi mtu wa kutuuliza, "Mwalimu, unangoja nini?" Muulizaji huyo aghalabu hutuongezea methali, kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Nasi hubaki tukijiuliza kama darasa si upwa pia.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayozungumzwa zaidi katika chumba cha walimu. Kwa kila mwezi wa utumishi wake, mtu huhesabiwa sehemu moja katika 500 ya mshahara wake wa mwaka. Tuseme, kwa mfano tu, mwalimu alianza kazi akiwa na miaka 25, na sasa analipwa shilingi 800,000 kwa mwezi. Akitoka na miaka 45 atakuwa na miezi 240, na pensheni yake kamili ni shilingi 4,608,000 kwa mwaka. Theluthi moja ya fedha hizo huzidishwa mara 15, akapewa kwa mkupuo: shilingi 23,040,000. Kinachosalia kwa kila mwezi ni shilingi 256,000. Angengoja hadi miaka 60 angekuwa na miezi 420, na fungu lake lingepanda kutoka asilimia 48 ya mshahara hadi asilimia 84.

Mamilioni hayo ya mara moja huonekana makubwa kwa mtu ambaye hajapata kuyashika. Tumewaona wenzetu walioyapokea. Mmoja alimalizia nyumba yake, akahamia, na sasa anafundisha shule ya binafsi kwa mshahara ulio chini ya ule aliouacha. Mwingine alinunua pikipiki tatu za boda boda. Iliyobaki ni moja. Wa tatu amefuga kuku na amefanikiwa kweli kweli, wala hatumwonei gere. Kwa hiyo hesabu haikatazi wala haiamuru. Imetueleza bei tu.

Hatuna budi kukiri pia kwamba sehemu ya hamu yetu ya kuondoka ilizaliwa na hasira. Mwaka 2022 mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada ulipandishwa ukafika shilingi milioni 4 kwa mwezi, na sisi wa lugha na masomo ya sanaa tukabaki pale pale. Mwezi wa Juni mwaka huo walimu waligoma. Kabla ya hapo Sera ya Taifa ya Walimu ya mwaka 2019 ilikwisha kueleza kwamba kila mwalimu apaswa kuwa na shahada. Sisi wenye stashahada, tuliofundisha miaka ishirini na ushei, tukajiona kama kanzu iliyovaliwa ikachakaa, kisha mwenyewe akasema haikuwahi kumkaa vizuri. Hasira hiyo ina haki yake. Ila tumegundua jambo moja kuihusu: kila tulipoiandikia barua ya kustaafu, barua ile iligeuka ikawa ya mashtaka, nasi tukaichana.

Sisi walimu wa lugha tuna mazoea ya kukimbilia maneno pale mambo yanapotushinda. Msomaji atuvumilie kidogo. Malipo yale ya mkupuo tunayaita kiinua mgongo, na neno lenyewe latuonyesha mtu aliyeinama kazini muda mrefu, ambaye sasa anasaidiwa kusimama wima. Nalo neno kustaafu asili yake ni Kiarabu, na huko maana yake ni kuomba kuachiliwa, kuomba kuondolewa wajibu. Lina undugu na neno afu, yaani kusamehe. Basi anayestaafu ni mwombaji. Na mwombaji yeyote hana budi kumjua anayemwomba.

Serikali? Kwayo jambo ni jepesi. Ilituajiri kwa barua, itatuachilia kwa barua, na sheria iko upande wetu. Jamaa zetu? Kwao ni zito zaidi, kwa kuwa ada za watoto wawili zingali mbele, nao hawakushiriki katika hasira yetu. Lakini wapo wengine ambao hakuna fomu iliyowawekea mahali pa kutia sahihi, nao ni wanafunzi.

Kwa mtaala mpya wa mwaka 2020, Kiswahili kimekuwa somo la lazima katika Kidato cha Kwanza na cha Pili. Mwaka 2005 katiba ilikwisha kukitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaidhinisha kitumike rasmi na kifundishwe. Maazimio ni mengi. Walimu si wengi. Katika shule yetu Kiswahili kina mwalimu mmoja, naye ndiye anayeandika maneno haya. Mwenzetu wa awali alipoondoka, nafasi yake ilikaa wazi miaka mitatu, na vipindi vyake vikagawiwa hisabati.

Hapo ndipo twapaswa kujihadhari na majivuno. Ni rahisi kujidanganya kwamba lugha itakufa tukiondoka. La hasha! Lugha hii imevuka nchi yetu kwa misafara, kwa kambi za askari na kwa masoko, bila stashahada yetu. Tena wako vijana waliosomea kazi hii wanaongoja ajira, na kiti tunachokikalia ni kimoja. Pengine kuondoka ndiko kungekuwa kuwatendea haki. Tungekubali hoja hii mara moja, lau tungekuwa na hakika kwamba kiti kikiachwa kitakaliwa.

Lipo pia kosa la upande wa pili, ambalo halisemwi sana. Mtu aweza kubaki kwa sababu anaogopa kuondoka. Anahesabu miezi, anasoma maandalio ya mwaka ule wa kwanza, na wanafunzi wanaijua mizaha yake kabla hajaifungua. Huyo amekwisha kustaafu, ila hajaomba. Tulipojichunguza tulikuta siku kadha wa kadha ambazo tulikuwa huyo, na jambo hilo lilituaibisha kuliko mshahara.

Kwa sasa hatukuandika barua. Wanafunzi 18 waliokamilisha miaka yao miwili ya lazima wamechagua wenyewe kuendelea na Kiswahili hadi mtihani wa Kidato cha Nne, ambao hawakuwahi kuwa na mwalimu mwingine wa somo hili. Tumewaahidi kuwafikisha huko. Mtihani wao ukiisha tutakuwa na miaka 48, na miezi yetu itakuwa imeongezeka kidogo katika hesabu ile ya 500. Siku hiyo tutalifungua swali hili upya, na safari hii tumekusudia kuwauliza hao kwanza, kabla ya kumwona mwalimu mkuu.