Papa, Kambale na Swali la Aina

Mustelus ni jenasi ya papa wadogo, wengi wao hawafiki mita moja na nusu, wenye meno bapa ya kusaga kaa. Aristotle, aliyewazoeza wanafalsafa kugawa viumbe kwa jenasi na spishi, aliandika kwamba mmoja wao huwabeba watoto tumboni wakiwa wameungana na mama kwa kitovu. Wengi walitia shaka, hadi mwanaanatomia Johannes Müller alipothibitisha karibu mwaka 1840. Müller alionyesha pia kwamba ndugu wa papa huyo, wa jenasi ileile, hana kondo. Basi kinachoifanya aina kuwa aina kimo ndani ya mnyama, au ndani ya akili inayomtazama?

Kasongo na Kabambare, mashariki mwa Kongo, ziko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bahari ya Hindi, ila swali hilo linafika huko pamoja na kambale wa mto Lualaba, ambaye hana gamba hata moja. Uislamu uliingia na misafara ya Waswahili katika karne ya 19, nayo madhehebu ya Shafii, yakitegemea aya ya 96 ya Sura al-Maida, huangalia makazi: wa majini ni halali. Washia wa Jaafari hudai magamba, wakamwacha kambale na papa pia. Mambo ya Walawi, sura ya 11, yanataka mapezi na magamba, na Waadventista hushika hivyo. Mkatoliki anayejinyima nyama Ijumaa huwala wote wawili. Ngozi ya papa ina vijino vidogo mno vinavyoweza kudhaniwa magamba. Hata hivyo marabi wa Kiyahudi humkataa papa, kwa kuwa gamba la kweli lazima libanduke bila kuchana ngozi.

Ni kosa kuhitimisha kwamba aina ni majina matupu. Sheria huuliza mtu amtii vipi Mungu, na hadubini haiwezi kuibatilisha. Biolojia huuliza nani amezaliwa na nani, na hapo jibu halitokani na mapenzi ya mtu: uchunguzi wa DNA umekuta papa waliowekwa katika jenasi nyingine wakiwa ndani ya ukoo wa Mustelus, hivyo mipaka ya jenasi hiyo inapaswa kuchorwa upya. Imamu na mchungaji wanaweza kuwaweka papa na kambale fungu moja, kila mmoja kwa haki ya sheria yake. Kwa nasaba, kambale, mwenye mifupa, ni jamaa wa karibu zaidi wa binadamu kuliko wa papa.