Rangi Juu ya Rangi



Leo naomba niongelee gemu. Najua wapo wazazi wanaosoma hapa, shikamooni, mtuvumilie kidogo. Gemu yenyewe inaitwa Jet Set Radio, ya kampuni ya Sega, ilitoka mwaka 2000. Mimi niliikuta kwenye kompyuta ya binamu yangu, toleo lililotengenezwa upya mwaka 2012. Unakuwa kijana wa Tokyo mwenye viatu vya magurudumu. Unateleza juu ya reli, unaruka, unajigeuza hewani, muziki unapiga, na kila kitu kimechorwa kama katuni. Yaani raha tupu! Kazi yako ni kuokota makopo ya rangi na kuchora kuta huku polisi wanakukimbiza. (Kuta za kwenye gemu, jamani, siyo ukuta wa parokia.)

Kuna kitu nilicheza miezi bila kukiona. Sehemu nyingi unazopiga rangi tayari zina mchoro wa kundi pinzani, na wewe huufuti. Hakuna maji wala kitambaa. Unapuliza wako juu yake, unapata pointi, unaondoka. Ukuta unapendeza.

Mimi niliishi hivyo karibu mwaka mzima.

Nilikuwa mweka hazina wa kikundi chetu cha vijana. Tulichanga nauli ya hija, nikachukua humo Sh 180,000 nikanunua simu. Nilijiambia nitarudisha mwisho wa mwezi. Mwezi ukaisha. Nikawaambia wenzangu kwamba wengi hawajamaliza michango, hija ikaahirishwa, na hakuna aliyenishuku. Hapo nikaanza kupaka rangi. Nikajiunga na kwaya. Jumamosi nafagia kanisa, Jumapili nasoma somo misa ya kwanza. Kwaya siyo dhambi, tusielewane vibaya, ila mimi nilijua naimba kwa ajili ya nini. Paroko akanisifu mbele ya waamini. Tangu siku hiyo nikawa siwezi kukaa kimya mbele ya Ekaristi, maana nikitulia tu naiona ile hesabu.

Mfalme Daudi naye alipaka. Someni 2 Samweli 11 taratibu: alipomchukua mke wa Uria hakutubu, alimwita Uria nyumbani, akamlewesha, na hilo liliposhindikana akapanga auawe vitani. Kila tabaka la rangi lilikuwa baya kuliko la chini yake. Ile Zaburi ya 51, ambayo mapokeo yanasema aliisali baada ya nabii Nathani kumwendea, ni sala ya mtu anayeomba kuoshwa.

Kwaresima hii nilipanga foleni ya kitubio, nikatoka, nikarudi. Nilitegemea Salamu Maria kumi. Padre akaniuliza kwa upole, "Na hela za watu, mwanangu?" Nikakosa jibu. Baadaye nikasoma Katekisimu namba 1459: ondoleo linaondoa dhambi, lakini madhara tuliyowafanyia wengine tunapaswa kuyarekebisha kadiri inavyowezekana, na kilichoibwa kirudishwe.

Wanaoijua gemu hii wanakumbuka kwamba mchoro mkubwa haupulizwi ukiwa unapita. Lazima usimame, ufuate mishale mmoja mmoja, na polisi wanakukuta hapohapo. Nilijisikia hivyo niliposimama mbele ya kikundi na kusema yote. Ilichukua kama dakika tano. Dada mmoja, aliyekuwa ameuza maandazi ili apate mchango wake, aliinuka akatoka nje.

Simu niliiuza Sh 90,000. Uhazina nimeuacha, na kila mwezi napeleka 10,000 kwa mweka hazina mpya. Kufagia bado nafagia. Jumamosi iliyopita yule dada alipita mlangoni, nikamsalimia. Akaitikia, "Salama," akaendelea na safari yake.

Mniombee. Bado Sh 40,000.