Boti Iliyopinduka Kituku na Swali la Kadari

Tarehe 3 Oktoba 2024, boti Merdi iliyotoka Minova ilipinduka ikiwa imebakiza mwendo mfupi tu kufika bandari ya Kituku, mjini Goma. Gavana wa Kivu Kusini alisema ilibeba watu 278, na kwamba zaidi ya 70 walikufa. Kwenye misiba ya namna hii neno la faraja linajulikana: ni mapenzi ya Mungu.

Kumfariji mfiwa hivyo ni jambo jema. Lakini neno hilohilo likitoka kinywani mwa aliyeijaza boti, je, bado ni imani, au ni kichaka cha kujifichia?

Swali hili hupungua ukubwa ukilipeleka kwenye boti ndogo ya umeme, ile ya kuchezea inayoongozwa kwa rimoti. Anayeiunda huanza na namba ya KV iliyochapwa kwenye mota: mizunguko kwa dakika ambayo kila volti huleta mota isipokuwa na mzigo. Mota ya KV 2000 kwenye betri ya volti 11.1 itazunguka kama mara 22,200 kwa dakika. Kisha huja rafadha, panga linalosukuma maji, na hapo ndipo tamaa ya mbio huponza wengi. Ukiitoa ya milimita 35 ukafunga ya 40 yenye umbo lilelile, tofauti kwa macho ni ndogo kuliko upana wa kidole. Ila nguvu inayotakiwa hupanda kwa kipeo cha tano cha kipenyo. Kwa mizunguko ileile, mzigo unakaribia kuwa maradufu. Mota haigomi. Inavuta umeme zaidi, nyaya zinapata moto, vanishi inayohami shaba inaungua, moshi unatoka. Fundi mwenye busara hufunga rafadha ndogo, au hutafuta mota ya KV ya chini, na baada ya dakika mbili majini huitoa boti akaigusa mota kwa kidole. Ikimchoma, anapunguza.

Nani kaiunguza mota hiyo? Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alishikilia kuwa moto hauunguzi pamba kwa uwezo wake; Mungu ndiye huumba kule kuungua kila viwili hivyo vinapokutana. Ibn Rushd wa Cordoba alimjibu kwamba anayekana sababu za vitu ameikana akili yenyewe. Kwa upande wa Wakristo, Thomas Aquinas alifundisha kuwa Mungu hutenda kupitia sababu zilizomo katika viumbe, bila kuzifuta. Ni mabishano makubwa, lakini mezani kwa fundi hayabadilishi kitu. Hata kwa al-Ghazali, desturi ya Mungu inajulikana, na rafadha iliyozidi haitasamehewa kesho kwa kuwa leo tumesali.

Goma ina jambo lake la ziada. Ziwa Kivu liko kama mita 1,460 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini ya kawaida ya petroli hupoteza takribani asilimia 15 ya nguvu zake. Mota ya umeme haipumui, kwa hiyo haipotezi. Namba ya nguvu za farasi kwenye kifuniko cha injini ya petroli haikupimwa huku. Mwenye boti anayelijua hilo hupunguza mzigo, na asiyelijua anaweza kuuliza. Kuhusu kupinduka pia hakuna fumbo: watu na magunia yakijaa juu, kitovu cha uzito hupanda, na boti ikiinama hushindwa kurudi.

Volkano ya Nyiragongo ni habari nyingine. Lava iliyopita katikati ya mji wa Goma Januari 2002 haikuchaguliwa na mtu. Mbele yake, swali la kwa nini Mungu ameruhusu lina uzito wote. Merdi haiko hapo. Wala lawama hazigawanywi sawasawa: vita vilikuwa vimefunga barabara ya kuingia Goma, na mama mchuuzi wa Minova alipanda boti kwa kuwa ziwa ndilo lililobaki. Waulizwe kwanza mwenye boti na aliyeiruhusu kuondoka. Baada ya ajali ya Aprili 2019 kwenye ziwa hilohilo, Rais Félix Tshisekedi aliagiza abiria wavae jaketi za kujiokolea. Merdi ilipozama, agizo hilo lilikuwa na umri wa miaka mitano na nusu.