Lebo Isiyomtaja Mchimbaji

Januari 2014, katika maonyesho ya vifaa vya elektroniki mjini Las Vegas, Brian Krzanich, wakati huo mkuu wa Intel, alipanda jukwaani akatangaza kwamba vichakataji vyote ambavyo kampuni yake ingetengeneza mwaka huo havitakuwa na madini yanayolisha vita vya Kongo. Hayakuwa maneno matupu: kampuni ilikuwa imetuma watu wake kukagua viwanda vya kuyeyushia madini katika nchi mbalimbali. Hata hivyo tangazo lile lilikuwa pia kazi ya kuuza, na mteja aliahidiwa kompyuta pamoja na dhamiri iliyotulia.

Hapo ndipo swali linapozuka. Je, maneno ya kumvuta mteja yanaweza kuwa ya kweli, neno kwa neno, na bado yakamdhulumu mtu?

Swali hili lina umri mkubwa. Mwaka 44 kabla ya Kristo, Cicero alimwandikia mwanawe kisa cha mfanyabiashara aliyetoka Aleksandria na shehena ya nafaka, akafika Rhodes wakati wa njaa. Ni yeye peke yake anayejua kwamba meli nyingine zenye nafaka ziko njiani zinakuja. Awaambie wenyeji, bei ishuke, au anyamaze auze ghali? Diogenes wa Babeli alishikilia kwamba muuzaji atimize yale ambayo sheria inamtaka ayataje na asidanganye. Zaidi ya hapo hadaiwi, kwa kuwa kunyamaza si sawa na kuficha. Mwanafunzi wake Antipater alikataa. Binadamu ni jamii moja, alisema, na anayejua jambo linalomgusa mwenzake hana haki ya kulikalia. Cicero alisimama upande wa Antipater.

Dini nazo zimeligusa swali hili. Katika karne ya 13 Thomas wa Aquino alifundisha kwamba kasoro iliyojificha ndani ya bidhaa lazima itajwe, ingawa yule mfanyabiashara wa Rhodes, kwa maoni yake, hakuvunja haki kwa kunyamaza. Angesema, angekuwa na wema mkubwa zaidi. Waislamu wanakumbuka hadithi ya Mtume aliyetia mkono ndani ya rundo la chakula sokoni, akakuta chini kumelowa, akamuuliza mwenye mali kwa nini hakukiweka kilicholowa juu watu wakione.

Mafundisho haya yote yanawapima watu wawili, muuzaji na mnunuzi. Bidhaa ya Masisi na Walikale, maeneo ya migodi mashariki mwa Kongo, ina mtu wa tatu: mchimbaji. Hayupo dukani wala hasomi lebo, ingawa lebo yenyewe inamhusu yeye.

Kule Bisie, ndani ya misitu ya Walikale, watu walianza kuchimba kasiteriti, jiwe linalotoa bati, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Wapagazi walibeba magunia ya kilo 50 mgongoni na kukata msitu kwa miguu hadi Njingala. Mzigo ulipakiwa kwenye ndege ndogo zilizotua juu ya kipande cha barabara ya lami huko Kilambo, ukarushwa Goma. Wenye bunduki walitoza kila hatua: kwanza wanamgambo wa Mai-Mai, kisha brigedi ya 85 ya jeshi, iliyotokana na Mai-Mai haohao, hadi 2009.

Julai 2010 Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kilizitaka kampuni zieleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu yao inatoka Kongo au nchi jirani. Septemba mwaka huohuo Rais Joseph Kabila, akiwa Walikale, alitangaza kusimamisha uchimbaji, na marufuku ikazigusa Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema hadi Machi 2011. Marufuku ilipoondolewa, wanunuzi wengi walikuwa wamekwishahama. Kuikwepa Kongo kabisa ilikuwa njia rahisi kuliko kuisafisha, na kwenye karatasi, njia zote mbili zilisomeka sawa.

Kwa mchimbaji hazikuwa sawa hata kidogo. Pesa ya sabuni, chumvi, dawa na minervali, yaani karo ya shule ya watoto, ilikatika. Septemba 2014 watu 70, Wakongomani na wageni wanaoijua nchi, walitia saini barua ya wazi wakieleza kwamba kampeni dhidi ya madini ya vita iliwasukuma wachimbaji na familia zao kwenye umaskini zaidi, bila kuvimaliza vita. Lebo ilikuwa ya kweli na mnunuzi hakudanganywa, lakini kijiji kililipa gharama ambayo hakuna tangazo lililoitaja.

Waandishi wa matangazo wanajua vizuri kwa nini maneno ya namna hii huaminika. Claude Hopkins wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1923 kuhusu utangazaji, alisisitiza kwamba sifa za jumla hupita bila kuacha alama, ilhali jambo mahususi hukubaliwa. Yeye mwenyewe aliitangaza bia ya Schlitz kwa kueleza jinsi chupa zinavyosafishwa kwa mvuke, ingawa watengenezaji wengine nao walifanya vivyo hivyo. Kila neno lilikuwa kweli; kilichofichwa ni kwamba ukweli huo haukuitofautisha Schlitz na wenzake.

Tagi inayofungwa kwenye gunia la madini huvuta imani kwa mbinu hiyohiyo. Katika mpango wa ITSCI, ulioanzishwa na sekta ya bati, ajenti wa serikali hupima gunia, huandika uzito daftarini na kulifunga tagi ya plastiki yenye namba. Namba humtuliza msomaji aliye mbali. Lakini haiwezi kusema gunia lilikuwa wapi kabla ya kufungwa. Mwaka 2022 shirika la Global Witness lilidai kwamba madini ya migodi isiyoidhinishwa yalikuwa yakipewa tagi hizo; ITSCI ilikanusha.

Mwishoni mwa Aprili 2024 waasi wa M23 waliiteka Rubaya, mji wa vilima vya Masisi unaotoa takriban asilimia 15 ya koltani, jiwe linalotoa tantali, ya dunia nzima. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kwamba kundi hilo lilijipatia huko kiasi cha dola 800,000 kwa mwezi kwa kutoza kodi, na wakaeleza jinsi madini yalivyovushwa kwenda Rwanda na kuchanganywa na ya huko. Yakishachanganywa, jina la Rubaya limepotea, na jasho la mchimbaji limepotea pamoja nalo.

Sheria haijamsaidia sana mtu huyu wa tatu. Aprili 2014 mahakama ya rufaa ya Washington iliamua kwamba kampuni haiwezi kulazimishwa kutamka kuwa bidhaa zake hazijathibitika kuepukana na vita vya Kongo, kwa sababu tamko hilo linaibebesha lawama ya kimaadili, na kulilazimisha kunavunja uhuru wa kusema. Uamuzi huo ulithibitishwa tena Agosti 2015. Kwa hiyo kampuni iko huru kujisifu kuwa safi, na hailazimiki kujitaja pale usafi unaposhindikana kuthibitishwa.

Antipater hakufika mbali vya kutosha. Haitoshi kuuliza kama mnunuzi ameambiwa yote. Inabidi kuuliza pia kama anayesimuliwa ndani ya tangazo angelitambua kuwa linasema habari zake. Lebo ya haki ingetaja mgodi na mwaka, ingesema aliyechimba alilipwa nini kwa kilo, na ingekiri sehemu ya safari ambayo hakuna aliyeishuhudia. Anayeandika tangazo la simu au kompyuta aanze hapo. Asipoweza kuyajua hayo kuhusu Rubaya au Bisie, alifute neno "safi" kabla halijafika dukani.