Kiinua Mgongo ni cha Migongo Mingapi?

Lugha yetu imeiita fedha ya mwisho wa kazi kwa jina la hekima: kiinua mgongo. Aliyefanya kazi miaka thelathini ameinama, na yafaa ainuliwe. Lakini mume na mke wanapoachana, yatupasa kuuliza: ni mgongo wa nani ulioinama?

Tutazame Kigoma. Tangu reli ilipofika huko mwaka 1914, nyumba nyingi zimeishi kwa mshahara wa stesheni, wa bandari na wa Serikali. Mume huenda kazini. Mke huenda Kibirizi kununua dagaa, huwaanika na kuwauza, au hukamua mawese. Tena hulea watoto na kuuguza wagonjwa. Jina lake haliandikwi katika daftari la mfuko.

Mume husema: “Fedha hii ni jasho langu, niliyekatwa ni mimi.” Neno hili si la kudharauliwa, lakini tulihesabu vema. Katika mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, ulioanzishwa mwaka 2018, mtumishi hukatwa asilimia 5 ya mshahara, na mwajiri huongeza asilimia 15. Ile asilimia 5 haikufika nyumbani. Ni nani aliyeziba pengo lile, kama si yule muuza dagaa? Basi akiba ile ilitoka katika chungu cha wawili.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haitaji kiinua mgongo kwa jina, bali huipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa na wawili kwa juhudi zao za pamoja. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilitamka ya kuwa kazi za nyumbani nazo ni mchango katika kuchuma mali.

Sisi twafundishwa ya kuwa ndoa haivunjwi, wala hatuandiki haya ili kuipamba talaka. Lakini kuachana na mtu si ruhusa ya kumdhulumu. Mizani iwe moja kwa wote: mke akiwa ndiye mwalimu mwenye pensheni, na mume ndiye aliyelima, naye apewe haki yake. Wala hatusemi kila mara nusu kwa nusu. Ihesabiwe miaka waliyochuma pamoja.

Anayepokea fedha hiyo, kabla ya kuzihesabu noti, na awahesabu kwanza walioinama pamoja naye.